Kumngoja Daktari Ale

Harufu ya kafuri hunitia hasira mpaka leo. Wahindi wenzangu wakiisikia hukumbuka ibada. Mimi nakumbuka njaa, tena njaa ya mtu mwingine. Nyumba yetu ya Mtwara ilikuwa na milango miwili: wa mbele ni wa zahanati, wenye harufu ya spiriti na benchi refu la wagonjwa, na wa nyuma ni wa jikoni, wenye harufu ya mvuje na samli. Katikati kilikuwa chumba cha miungu. Humo babu yangu, ambaye mji mzima ulimwita Daktari, hata watoto wake wa kuwazaa, alichoma kafuri na kutikisa kengele kila aliporudi kutoka kwa wagonjwa. Alioga, akasali, akasali tena, ndipo akala. Na kwetu mke hakugusa chakula kabla mumewe hajala. Bibi yangu, tuliyemwita Ba, hakuonja hata mchuzi aliokuwa akiupika, kwa kuwa miungu ndiyo iliyostahili kuanza. Chumvi aliikadiria kwa macho.

Msimu ninaousimulia ulikuwa wa korosho. Moshi wa korosho zinazochomwa ulituingilia mpaka kwenye vyandarua, na watu walikuwa wakivuka Ruvuma kila siku kuikimbia vita ya Mreno. Benchi halikutosha, wagonjwa wakakaa barazani hadi barabarani. Daktari aliwatibu bure, sikatai. Mji ukamsifu, naye akazipokea sifa kwa kufumba macho na kuunganisha viganja, kama mtu anayelipwa haki yake. Nadhani sifa zile zilimshibisha, maana chakula cha mchana akawa anakuja kukila jua likichwa. Ba alimngoja kando ya sahani zilizofunikwa, mkono mmoja umekandamiza tumbo. Alikuwa na vidonda vya tumbo. Nyumba nzima ilijua, na baba yangu, mwanamume mwenye masharubu yake, alijua vizuri zaidi. Alikuja, akala, akacheua, akarudi dukani.

Aliyesema ni Bi Somoe peke yake, mama wa Mikindani aliyekuwa akituletea nazi kwa mlango wa nyuma.

"Mama Daktari, hata kipande cha muhogo?"

"Daktari hajala."

"Ala! Kwani mna tumbo moja?"

Ba alicheka huku amejikunja. Bi Somoe akatua kapu lake. "Mie tumbo langu kama lako. Mumeo kaniambia, Somoe, kula kwa saa, ukikaa na njaa unajichimbia kaburi. Basi nenda nawe ukakae kwenye benchi. Huenda jikoni hakuoni."

Nilidhani ni utani. Kesho yake Ba alivaa sari yake ya kuendea harusi, akanishika mkono, akaizunguka nyumba kwa nje mpaka mlango wa mbele, akakaa mwisho wa benchi. Watu walitaka kumpisha, akakataa. Zamu yetu ilipofika tukaingia. Daktari aliinua uso, akatuona, akawaona na watu waliojazana mlangoni, basi akauliza kwa Kiswahili kama alivyowauliza wote.

"Unaumwa nini, mama?"

"Tumbo."

"Unakula saa ngapi?"

"Ukishakula wewe."

Mlangoni mtu aliguna. Nilimkazia macho babu, nikiamini kabisa kwamba sasa ataona haya. Ujinga wa mtoto! Alichukua chupa ya dawa nyeupe, akamkabidhi mkewe. "Kijiko kimoja, baada ya chakula," akasema, kisha akaita, "Anayefuata!" Siku ile alikuja kula giza limeingia, na sala zake hazikupungua hata neno. Chupa ilikaa kando ya sahani zilizofunikwa.

Waswahili husema mganga hajigangi. Huyu alijiganga vizuri sana, akazeeka na meno yake yote. Asiyegangwa ni Ba. Kabla msimu haujaisha alitapika damu jikoni, akaanguka, hakuamka tena. Watu walijaa barazani kumpa Daktari pole, naye akawaambia kwa sauti ya upole, "Alikuwa mke mwema. Hakuwahi kula kabla yangu." Wakatikisa vichwa kwa heshima. Bi Somoe alisimama, akajifunga kanga yake, akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile namdharau babu yangu, na waliotikisa vichwa nawadharau zaidi.

Sasa naishi Dar es Salaam, na umri wangu umeupita wa Ba. Picha ya Daktari iko sebuleni kwa kaka yangu, imevishwa shada. Kila mwaka kaka humfanyia kumbukumbu: sahani ya kwanza hupelekwa uani, na desturi inataka kunguru aile kwa niaba ya marehemu, ndipo sisi tule. Mwaka huu, katika mji uliojaa kunguru wezi kiasi hiki, hakutokea hata mmoja wa kukitaka chakula cha Daktari. Wanaume walitazama saa zao. Mke wa mpwa wangu, mjamzito, alikaa karibu na sufuria, mkono umekandamiza tumbo. Niliinuka, nikafunua sufuria, nikampakulia, nikajipakulia na mimi.

"Dada," kaka alininong'oneza, "babu bado hajala."

"Ba naye hajala," nikamjibu, nikamega chapati.