Mama wa China Mwenye Mukwa

Bahari sijaiona mpaka leo. Mwisho wangu kusafiri ni mji wa Mlolongo, huku huku bara. Lakini watu wa pwani ya China nawajua, kwa sababu ya Sista.

Sista alikuwa mtawa wa kizungu pale misheni, mzee, mpenda karanga. Babake alikuwa mchoraji, aliishi huko China kabla ya kumzaa. Miaka ile ya tisini, Sista akiwa karibu kurudi kwao kabisa, aliniletea daftari la michoro ya babake hapa Wamunyu, tunapochonga vinyago.

"Nichongee huyu mama anayebeba maji," aliniambia. "Naondoka Jumapili."

Nililala na hilo daftari kando ya mto wa kulalia. Penseli tupu, lakini matope unayasikia yakipoa miguuni. Kuku, moshi, mzee akijikuna. Mimi shule niliacha darasa la pili, mbuzi walikuwa wengi. Kusoma picha hakuna aliyenifundisha, nilijisomea.

Nikachonga. Sista akamgeuza, akacheka kidogo.

"Mzee, huyu ni mama yako."

Nikaangalia. Ngai! Nilikuwa nimemwekea mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kupitisha kwa paji la uso, na mtungi mgongoni, kama alivyobeba mama yangu. Yule wa picha alibeba mti begani, ndoo huku na ndoo huku. Macho yaliona, mikono ikakataa.

Jumapili ilibaki siku tatu. Nikakata mti mbichi, nikafunga mitungi miwili, nikashuka mtoni mchana kweupe.

"Aiyaa, mzee, punda wako amekufa?" wanawake wakanicheka.

"Muacheni," akasema mke wangu, "anaenda China."

Kupanda kilima, ule mti ukaanza kucheza, juu, chini, na miguu yangu ikaufuata yenyewe. Vumbi likawa kama matope. Nilisikia harufu ya chumvi, mimi ambaye chumvi naijua ya pakiti tu. Nilifika na maji nusu, lakini bega lilikuwa limeelewa. Nikachonga mwingine.

Jumamosi jioni Sista alipitisha kidole kwa lile bega lililoinama. Akamfunga kwa sweta yake, akaenda naye.

Yule wa mukwa akabaki. Yuko hapo kwa kabati. Mke wangu humpangusa vumbi kila asubuhi na kumsalimia: "Umeamkaje, mama mkwe?"