Mlango wa Tatu wa Vincenza

Kila asubuhi, kabla ya kahawa, Vincenza alitoa punje kavu ya haragwe pana katika mfuko wa nguo ya jana na kuitia katika mfuko wa nguo ya leo. Maharagwe ya aina hiyo ndiyo yaliyowaokoa watu wa Sisilia ngano ilipokauka, na nyanyake alikuja na punje hiyo Amerika.

Familia ilikata miwa Luiziana, kisha ikalima pamba Teksas, kando ya mto Brazos, kwenye mashamba yaliyokimbiwa na wengine kwa sababu ya mafuriko. Mto ulipofurika, nyanya alipanda darini na wanawe, akamwahidi Mtakatifu Yosefu kwamba wakishuka wazima atamwandalia meza kila Machi, yeye na mabinti watakaomfuata. Walishuka wazima. Vincenza alikuwa binti wa mwisho katika ukoo huo.

Nilipomjua, Waitaliano wenzake walikuwa wamekwisha kuhama mtaa wetu wa Sharpstown, huko huko Teksas. Yeye alibaki kwenye ghorofa yetu, kati yangu mimi Mkenya na Clarisse wa Bukavu. Machi ya mwaka jana mwanawe alikuja kumwambia kwamba baada ya Pasaka atamhamishia kwake, Fort Worth.

"Mama, meza ya mwaka huu iache. Nyonga haijapona. Tutaiweka Fort Worth."

"Fort Worth nitamwomba nani unga? Magari?"

Kwa maana vitu vya meza ile haviruhusiwi kununuliwa vyote; huombwa kwa majirani. Basi akashika fremu yake ya kutembelea, akabisha mlango baada ya mlango. Alirudi na unga, mayai, samaki, na ndizi za mama mmoja wa Honduras. Tulioka mikate yenye umbo la fimbo na ndevu za mtakatifu. Tambi tulizinyunyizia chenga za mkate zilizokaangwa, mfano wa vumbi la mbao la Yosefu seremala.

Kabla ya kula, watoto huigiza Familia Takatifu ikitafuta malazi. Kwenye mlango wa kwanza hukataliwa, wa pili hukataliwa, wa tatu hufunguliwa. Bila hivyo, alisema Vincenza, ni karamu tu, na ahadi imevunjika. Wa kwanza ulikuwa wangu, wa pili wa Clarisse, wa tatu wake mwenyewe. Watoto walikuwa wa Clarisse, na Merveille, mkubwa wao, alijifunga shuka la buluu kama Mariamu.

Niliwakataa bila shida. Wakaenda kwa mama yao, wakabisha, nami nikasikia mlango ukifunguka papo hapo.

"Ingieni, ingieni!"

Nilipofika, walikuwa wameketi wakila maandazi. Punde Vincenza akatokea na fremu yake, amekunja uso.

"Nani amekuambia ufungue?"

Clarisse, ambaye humwita Vincenza koko, yaani bibi, alinigeukia. "Dada, umwambie koko mimi siwezi. Kule tulikimbiaka, batu balifunga milango, na mtoto iko ku mgongo. Leo nifunge mimi? Kwa batoto yangu?"

Nilimtafsiria, na yaliyofuata pia nikayatafsiri huku na huku. Vincenza alitia mkono mfukoni, akalipapasa lile haragwe. Nilidhani ataketi ale andazi, mambo yaishe.

"Haya, nyote nje," alisema. "Clarisse, nenda nyumbani kwangu, usimame nyuma ya mlango. Hapa nitakaa mimi."

"Mimi nifungue ya koko?"

"Wewe kufungua unajua. Nenda!"

Watoto walitoka midomo imejaa. Wakabisha upya. Kutoka ndani ikatoka sauti ambayo sikujua kikongwe yule anayo:

"Hakuna nafasi! Ondokeni!"

Mdogo kabisa akaanza kulia kwelikweli. Merveille akamvuta hadi mlango wa tatu. Hakuwahi kubisha. Clarisse alikuwa ameshaufungua, machozi yanamtiririka, na nyuma yake mishumaa inawaka mezani.

Tulikula hadi jioni. Vincenza alikaa karibu na Clarisse, akimrundikia samaki.

Baada ya Pasaka mwanawe alimchukua. Alifia Fort Worth mwezi wa Agosti. Siku alipoondoka kwetu, haragwe alikuwa ameshampa Clarisse, na ndani ya gari mkono wake ulikuwa bado unapapasa mfuko mtupu. Alishusha kioo.

"Mwakani kataa wewe milango yote miwili," aliniambia. "Clarisse mwachie wa kufungua."