Salamu Kwanza, Kompyuta Baadaye

Nilifika kwenye kozi ya wakutubi nikiwa nyuma ya lori, nimekalia maboksi ya kompyuta ili yasirukeruke. Sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa mpakuaji, na nilitarajia kuondoka mchana uleule.

Shule niliiacha darasa la sita. Hakukuwa na ugomvi. Barabara ilinipendeza zaidi, basi. Nilipita Geita, nikavuta kamba kwenye duara, yaani lile shimo la kushukia kwenye mwamba wa dhahabu. Nikahamia Maganzo, nikachekecha mchanga wa almasi mpaka nikaanza kuona vito hata kwenye chumvi ya mboga. Kote huko nilikuwa na tabia moja iliyowachosha watu, nayo ni kuuliza. Siku moja nilimuuliza mwenye duara dhahabu iliingiaje ndani ya jiwe gumu vile. Akaniambia, "Mungu aliiweka. Vuta kamba."

Ukumbi wa kozi ulikuwa Ngokolo, Shinyanga mjini. Mwalimu alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyokaa zaidi juu ya paji la uso kuliko machoni. Tukiwa tunashusha maboksi nikamuuliza: hizi kurasa za kwenye mtandao, zimewekwa kwenye rafu ya nani? Na mwenye rafu akifa, nani atajua kitu kilikuwa wapi?

Akatua boksi lake chini.

"Una kazi nyingine baada ya hii?"

"Sina."

"Basi baki. Nahitaji msomaji."

Kumbe kozi ile ilihitaji watu wa kufanyiwa mazoezi, kama kinyozi anavyohitaji kichwa. Wanafunzi walikuwa wakijifunza kuhudumia vyumba vya kusomea vyenye kompyuta, na ilibidi mtu aje mezani na swali la kweli. Nikapewa chakula cha mchana, godoro stoo, na ruhusa ya kuuliza. Sijawahi kupata ajira nzuri kuliko ile.

Nilikaa nyuma na kusikiliza kila somo. Mwalimu alisema kompyuta haina upungufu wa majibu. Inayo mengi kuliko nzi wa buchani. Kazi ya mkutubi ni kujua jibu lipi limetoka kwa nani, ameliandika lini, na anafaidika nini ukiliamini. Lakini kabla ya hapo, alisema, ujue msomaji anataka nini hasa, maana mara nyingi anachokitamka ni mlango tu, na nyumba iko nyuma.

Hapo ndipo binti mmoja wa kutoka Buseresere alipokuwa akikwama. Alikuwa mwepesi kwenye kompyuta kuliko wote, vidole vinakimbia kama kuku wamemwagiwa mtama. Siku yangu ya kwanza mezani kwake nilimwambia, "Nataka habari za dhahabu." Kabla sijakaa vizuri, alikuwa amenitolea bei ya dhahabu duniani na mchoro wake unaopanda na kushuka.

"Umeridhika?" mwalimu akaniuliza.

"Hapana. Nilitaka kujua iliingiaje kwenye jiwe."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akamgeukia binti. "Kwa nini hukumuuliza anataka nini kuhusu dhahabu?"

"Mwalimu, huyu ni mtu mzima. Nitaanzaje kumhoji kama polisi?"

"Basi wewe endelea kumpa bei."

Haikuwa ukaidi. Kwao, kama kwetu sote kanda hii, mkubwa akisema jambo unalipokea kwa mikono miwili. Humrudishii maswali kama unamshuku. Alijaribu tena na tena. Kila alipotaka kuniuliza, alitazama meza, sauti ikafa, na vidole vikakimbilia kompyuta kujificha.

Mwalimu akatangaza kwamba Ijumaa watakuja wasomaji wa kutoka nje. Atakayeshindwa kumfikisha msomaji wake kwenye haja yake hatapata cheti.

Siku ile tulikula pamoja kwa mama lishe wa jirani. Binti hakuwa na hamu. Aliniambia kuwa nyumbani Buseresere kuna chumba kimekwisha kuwekwa kompyuta, kimefungwa, na ufunguo unamsubiri mwenye cheti.

"Nikikosa, mjomba, wataleta mtu kutoka Mwanza. Mimi nitarudi kupanga nyanya sokoni, niwe nakitazama hicho chumba kutoka ng'ambo ya barabara."

Mama lishe akaja na wali. Binti akainuka kidogo, akamsalimu. Za tangu jana? Mtoto aliamkaje? Homa imeshuka? Na dawa ile ilitoka wapi? Wali haujapoa, tulikuwa tumekwisha kujua mtoto ameumwa kwa sababu ya kunywa maji ya kisima kipya, na kwamba mama huyo alikuwa akitafuta namna ya kuyasafisha bila kununua kuni zaidi.

Nikacheka. "Binti, umemhoji huyu mama kuliko polisi."

"Nimemsalimu tu."

"Sawa. Umemsalimu mpaka kisimani."

Aliacha kijiko hewani. Kisha akaanza kula, na akala wali wote.

Ijumaa nilipewa kazi ya kufunga madirisha, vumbi lisiingie. Msomaji wake alikuwa mzee mfugaji mwenye kofia pana, aliyeegesha baiskeli mlangoni na kuigeukia mara tatu kuhakikisha bado ipo. Akakaa, akasema, "Nataka habari za mvua."

Nilimwona binti akitazama kompyuta. Vidole vikajikunja. Kisha akakisukuma kibodi pembeni, akasimama, akainama kidogo.

"Mwangaluka, baba."

Mzee akavua kofia. Akaitikia, na uso wote ukafunguka. Salamu ikaanza, Kisukuma na Kiswahili vikipokezana. Za nyumbani. Za ng'ombe. Ametoka upande gani? Kule kwenye mbuga ya udongo mweusi? Na shamba je, mwaka huu limelala?

Kwenye meza za jirani wenzake walikuwa wamekwisha kuchapisha kurasa zao. Mwalimu akashusha miwani machoni, akatazama saa ya ukutani. Mimi nilikuwa nimeshika dirisha moja muda wote, silifungi wala silifungui.

"Halijalala," mzee alisema. "Nimepata mbegu ya dengu."

Binti akakaa. "Dengu inapandwa mvua ikielekea kuisha, baba. Sivyo?"

"Ndivyo! Sasa hao vijana wenye simu kila nikiwauliza mvua wananiambia itaanza lini. Kuanza ilianza, nililoana mwenyewe! Mimi nataka kujua inaisha lini."

Hata mwalimu alicheka. Binti akavuta kibodi, akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa watabiri wa hali ya hewa, akamsomea mzee makadirio ya mwisho wa msimu kwa upande wao. Akamwambia pia kwamba ni makadirio, si ahadi, na kwamba yakibadilika yatatolewa mengine. Mzee alirudia maneno yale kwa sauti ili yasimtoke njiani, akaenda kwenye baiskeli yake.

"Umechelewa kuanza," mwalimu akamwambia, "lakini wengine hawajafika bado." Cheti akakipata.

Nilizunguka tena, kama kawaida yangu. Mwaka uliofuata gari la mizigo likanishusha Buseresere, nikaulizia chumba cha kompyuta. Mlango ulikuwa wazi, watu wamejaa, na yeye yuko mezani.

"Nataka habari za dhahabu," nikamwambia.

"Shikamoo, mjomba. Kaa kwanza. Umetokea wapi safari hii? Umeshakula? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua stoo kule?"

Nilijua kabisa ninachofanyiwa. Nikavuta kiti, nikajibu yote.