Nilivyomfundisha Kazi Askari wa Kuchorwa

Nilistaafu polisi nikiwa sajenti. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikaa kaunta, nikiandika malalamiko ya watu. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto wako Dodoma na Mwanza, nami nikabaki mtaani kwetu Lizaboni kwenye nyumba ya vyumba vinne. Kuna siku nilikuwa nasalimiana na jirani asubuhi, kisha sauti yangu siisikii tena mpaka kesho yake.

Siku moja nilikwenda duka la steshenari kutoa kopi ya kitambulisho. Kwenye meza palikuwa na vijitabu vyembamba vya katuni, vimebanwa pini. Jaladani askari wa kike alikuwa anapaa juu ya milima yetu ya Matogoro, sketi imejaa upepo. Nilisoma kurasa mbili nikiwa nimesimama. Askari huyo alikuwa na uwezo wa ajabu: mtu akimdanganya, filimbi yake inalia yenyewe, naye anaruka kwenda kutafuta ukweli ulipo.

"Nani amechora hiki?" nikauliza.

"Mimi, mama. Shikamoo," akajibu mwenye duka, mwanamume wa miaka kama thelathini na mitano, vidole vimejaa wino.

"Marahaba. Huyu ni konstebo, sasa nyota begani amezipata wapi? Nyota ni za wakaguzi. Konstebo bega lake ni tupu."

Badala ya kununa, alinivutia kiti. "Mama, wewe ni askari?"

"Nilikuwa."

"Basi kaa, afande. Niambie na mengine niliyokosea."

Yalikuwa mengi. Nilikaa mpaka mchana.

Tangu siku hiyo kila Alhamisi nilikwenda kusoma kurasa kabla hajazitoa kopi. Nilimwonyesha saluti inavyopigwa, na pingu zinavyofungwa bila kumuumiza mtu. Nilimwambia kwamba askari wa kaunta huumwa miguu zaidi kuliko mkono wa kuandikia, na toleo lililofuata shujaa wake alikuwa amevua viatu chini ya meza. Nilicheka hadi wateja wakageuka. Mke wake akipita alituletea chai na mihogo ya kuchemsha. Ilikwenda hivyo miaka minne.

Mara moja tu tuligombana. Nilikuwa nimemsimulia habari za mzee mmoja wa Tunduru, mkulima wa korosho, aliyekuwa anakuja kituoni kuuliza habari za mwanawe aliyepotea. Kila akija alitoa salamu, akakaa, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kuna neno?" Nami nikajibu, "Bado, baba. Tunaendelea kufuatilia." Hatukuwa tunafuatilia chochote. Jalada lilikuwa kabatini. Baadaye mzee akaacha kuja, na mimi sikuuliza kwa nini.

Alhamisi iliyofuata nikakuta amechora habari ile. Shujaa anampata kijana ndani ya ukurasa mmoja, anambeba mgongoni mpaka Tunduru, na baba yake anatoka shambani akikimbia.

"Haikuwa hivi," nikamwambia.

"Najua, afande. Lakini kitabuni naweza kumrudisha."

"Unamrudishia nani? Yule mzee hatasoma hiki kitabu. Mimi ndiye nitakayesoma. Na mimi ndiye niliyemdanganya."

Aliweka kalamu chini. Mimi nikaondoka bila kuaga. Wiki ile sikupata raha. Niliporudi, ukurasa alikuwa ameubadilisha: mzee yuko mbele ya kaunta, anauliza, askari anamjibu, na filimbi yake mwenyewe ndiyo inayolia. Nikausoma mara mbili.

"Nichape?" akauliza.

"Chapa," nikasema.

Toleo la mwisho alilitoa mwaka jana. Alikuwa amepata mtoto wa tatu, kazi za kadi za harusi zimeongezeka, na aliniambia wazi kwamba hadithi imemwishia. Alitaka shujaa astaafu, akaniuliza mtu anastaafuje. Nikamweleza: unarudisha sare stoo, mtunza stoo anahesabu hadi mkanda, unasaini, unatoka getini na nguo za kawaida, na yule kijana wa getini uliyemfundisha kazi hajui akupigie saluti au asikupigie. Akachora yote. Vitabu vikaisha kwa siku chache. Mfululizo mzima niliutuma kwa basi kwa mwanangu Mwanza. Nilipompigia simu alisema, "Nimeviona, mama. Nikipata nafasi nitasoma."

Sikuwa nimefikiria kwamba katuni ikiisha na Alhamisi zitaisha. Wiki za mwanzo nilivaa, nikafika hadi kona ya duka, nikageuza. Nitaingia kufanya nini? Siku nyingine nilichukua cheti changu cha ubatizo nikaenda kukitoa kopi, kopi ambayo siihitaji.

Mwezi uliopita niliamua kuingia hivyo hivyo, mikono mitupu. Duka lilikuwa limejaa watu wa msiba wakisubiri ratiba ya mazishi. Alinipa kiti kwa heshima, akaendelea na mashine yake. Nikakaa. Mwanamke mmoja alinitazama, kisha akamuuliza, "Na huyu mama naye ni wa msiba?"

"Hapana," akajibu bila kuinua macho. "Ni mteja wangu huyu, wa siku nyingi."

Sikumlaumu. Angenitambulishaje kwa watu wenye haraka ya kwenda kuzika? Nilisubiri mashine inyamaze, nikamwambia, "Mwanangu, mimi naenda."

"Haya mama, karibu tena."

Nilipita sokoni nikanunua dagaa wa Nyasa. Nilipofika nyumbani nikaona nimenunua wengi, lakini nikawapika wote. Niliwala siku tatu.