Mguu wa Mwalimu Breki

Nusu ya madereva wa mji ule walifundishwa na Mwalimu Breki, na nusu ya hao mpaka leo wanaisikia sauti yake wakikaribia njia panda. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wanafunzi, kwa sababu gari la shule ya udereva lilikuwa na pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na moja upande wa mwalimu, na ile ya mwalimu ndiyo iliyolika mpaka chuma kikang'aa. Alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwepesi wa kuwanunulia wenzake chai. Lakini mkalishe kwenye gari linaloendeshwa na mtu mwingine, mara moja jasho linamtoka na mguu wa kulia unaanza kutafuta pa kukanyaga.

Mtu mmoja tu alimshinda kumfundisha, naye ni mkewe. Ndoa ilikuwa bado changa alipompeleka uwanjani kwa somo la kwanza. Hawajamaliza hata kuuzunguka uwanja, mke alizima gari, akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi. Wiki iliyofuata alijiandikisha kwa mshindani wa mumewe, ng'ambo ya barabara, akafaulu. Baadaye akapata kazi ya kuendesha gari la mikate la bekari moja, na kwa kuwa bosi wa bekari hakutaka abiria garini, mwalimu hakuwahi hata siku moja kukaa pembeni ya mkewe akiwa anaendesha. Mtu akiuliza siri ya ndoa yao kudumu, mke hujibu kwamba wamshukuru bosi wa bekari.

Mwalimu alipostaafu, uzee umeshabisha hodi na kukaribishwa, mkewe akatoa neno mezani.

"Mwalimu, mimi nataka safari. Nchi ya watu, gari la kukodi, tupite milimani mpaka chini baharini."

"Wewe? Si unaendesha kila siku ya Mungu?"

"Naendesha, ndiyo. Na kila ninapofika pana mtu kasimama mlangoni ananiuliza mkate uko wapi. Nataka niendeshe siku nzima mahali ambapo hakuna anayenisubiri."

Neno hilo lilimwingia mwalimu. Hakuwa amewahi kulifikiria, akaona haya kidogo, akasema safari ipo.

Pesa za kuchezea hazikuwapo, kwa hiyo safari ilipangwa kama kitambaa kifupi kinavyokatwa na fundi mzoefu. Binti yao, muuza simu mjini, alikuja na kompyuta yake kila Jumamosi, wakakaa watatu kwenye kochi moja. Wangekwenda msimu ambao watalii wamekwisha kurudi makwao na bei zimelala. Kila mtu begi moja la mkononi. Watalala kwenye nyumba za wageni zenye jiko, wapike wenyewe. Mama alikuwa ameshatenga sufuria ndogo, chumvi na kisu, kisu kikarudi jikoni binti alipoeleza mambo ya uwanja wa ndege.

Mwalimu alipewa kazi ya ramani na hesabu ya mafuta. Hapo alikuwa samaki majini. "Hapa tunapanda, mafuta yanatoka," alisema akipitisha kidole mlimani. "Hapa tunashuka, tunarudishiwa chetu." Alifurahi mpaka akachagua na shati la kuendeshea.

Ndipo wakafika kwenye gari lenyewe. Walichagua dogo kuliko yote, la gia za mkono, maana lile linalobadili gia lenyewe lilikuwa na bei ya kutia kizunguzungu. Binti akasoma masharti, kisha akakohoa.

"Baba, hapa pana jambo. Dereva akishavuka miaka sabini wanaongeza bei. Na mkiwa madereva wawili wanaongeza tena."

"Wanaongeza kiasi gani?"

Binti akamwonyesha. Ilikuwa sawasawa na chakula cha safari nzima.

"Basi dereva awe mmoja," binti alisema kwa sauti ya chini, "na awe Mama, yeye sabini bado."

Mwalimu aliikunja ramani, akaikunjua, akaikunja tena vibaya.

"Mimi sina neno," mke alisema. "Ila nakujua, mume wangu. Siendi mbali kote huko nikafundishwe gari. Tutoke hapa mpaka soko kuu na kurudi, mimi naendesha, wewe umekaa pembeni. Usipokanyaga breki hata mara moja, mwambie mtoto alipe, twende. Ukikanyaga, nakwenda na wifi."

Wifi, dada yake mwalimu, hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alianza kupiga simu kila asubuhi. "Vipi, kaka yangu bado anakanyaga?" Na bei ya punguzo ilikuwa inaisha Jumapili.

Mwalimu akaingia mazoezini. Huko waendako usukani uko kushoto, kwa hiyo walipanga viti viwili vya jikoni sebuleni, mama kushoto na sinia mkononi likiwa usukani, mwalimu kulia. Maisha yake yote ya kazi, kiti cha kulia kilikuwa cha mwanafunzi.

"Haya," mke akasema, "tunashuka mlima. Mbele kuna kona."

"Punguza," mwalimu akanong'ona.

"Sijasikia."

"Nimekohoa tu."

"Kona hiyo. Lori linakuja!"

Pu! Mguu ukatua sakafuni hata vikombe vikalia kabatini. Kutoka ghorofa ya chini wakasikia mpini wa fagio ukigonga dari: ko, ko, ko. Jirani wa chini alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na mchana ndio usiku wake. Mama alicheka mpaka sinia likamponyoka likaanguka kwa kishindo, na fagio likagonga tena kwa hasira zaidi.

Mazoea yana taabu. Mwalimu alijaribu kukunja nne. Alijaribu kuweka mto chini ya unyayo, angalau muuguzi wa watu apumzike. Mguu haukusikia la mwadhini wala la mnadi swala. Lori la kuwaziwa likitajwa tu, unatua. Mchana mmoja alikaa peke yake kwenye kile kiti cha jikoni akautazama, akaona huzuni ya kweli. Kuwaza mkewe akiiona milima ile na mtu mwingine pembeni, hata kama mtu huyo ni dada yake wa tumbo moja, kulimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Jumamosi aliazima lile gari lake la zamani la shule ya udereva, kwa sababu wao hawakuwa na gari. Mke akaingia upande wa usukani. Mwalimu akaingia upande wake, pedali yake inamngoja, akakalia mikono yote miwili utadhani ndiyo yenye makosa.

Mwanzo alijiandaa kuhesabu makosa ya mkewe kimoyomoyo, kama alivyozoea. Walipita mzunguko wa kwanza, wakapita shule, wakapita pale mabomba yanapochimbwa kila mwaka, na hesabu ilikuwa bado haijaanza. Alimwona akiachia mafuta mapema kabla ya tuta. Alimwona akimtazama mwenye baiskeli usoni, ajue anataka nini, ndipo anampita. Sokoni waligeuza bila neno. Wakati wa kurudi mwalimu aligundua kwamba anatazama nje, kwenye maduka, kwenye nguo zilizoanikwa kwenye roshani, vitu ambavyo alikuwa akivipita miaka yote bila kuviona.

Walikuwa wanakaribia kabisa nyumbani, kwenye mteremko, pikapu iliyokuwa mbele yao ilipotingishika na godoro la sita kwa sita likaruka kutoka nyuma, likatua katikati ya barabara.

Mguu wa mwalimu ulikwenda. Ulikwenda kama siku zote, bila kumwomba ruhusa mwenyewe. Lakini pedali zile mbili zimeunganishwa kwa chuma kule chini, ikizama moja na ya pili inazama, na mguu ulipotua haukukuta kitu. Pedali ilikuwa imeshazama. Gari likasimama taratibu, nafasi ya kutosha mtu kupita kati yake na godoro.

Mwenye pikapu alikuja mbio akiomba radhi, akaliburuta godoro lake.

"Nimekanyaga," mwalimu alisema mwishowe.

"Nimekuona." Mkewe alikuwa anatazama mbele, na sauti yake haikuwa na utani tena. "Haya. Kesho nitampigia wifi."

"Nimekanyaga, lakini sikukuta breki." Alimgeukia. "Ulikuwa umeshafika. Mama, nimekaa kiti hiki tangu nikiwa na nywele kichwani, na hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyenitangulia. Hata mmoja. Leo nimekanyaga hewa."

Mke akamtazama aone kama anamtania. Hakuwa anatania, macho yalikuwa yamemlowa, na chini ya macho hayo kulikuwa na kicheko kinatafuta njia.

"Kwa hiyo nimekosea wapi?" akamuuliza, swali ambalo kila mwanafunzi humuuliza akishazima gari.

Mwalimu alifikiri kwa haki kabisa, kuanzia mlangoni mpaka kwenye godoro.

"Sijaona kosa," alisema.

Mke akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Mabega yakatikisika, na mwalimu hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso, akaona ni vyote viwili. Nyuma yao magari yalikuwa yameanza kupiga honi. Mwalimu hakuyajali. Alitoa simu mfukoni, akampigia binti.

"Lipia lile gari, mwanangu. Lipia sasa hivi."

"Alhamdulillahi! Kwenye nafasi ya dereva niandike nani?"

"Mama yako."

"Na wewe, Baba, nikuandike nani?"

Mwalimu alivua viatu, akapandisha miguu yote miwili juu ya kiti, akaikunja kama mtu aliyekaa mkekani kwake.

"Mimi abiria," alisema, na mkewe akaingiza gia.