Kipande ya Ngege

Ati "Dani, huyo msichana ndugu yangu Ouma anataka kuoa asiingie hapa, watu wa kwao wako na jicho." Umesema hivyo, Achieng', na mimi nyanya yako nimekaa hapa nachambua omena, hizi dagaa zetu. Ati akikuangalia ukikula, chakula inakwama tumboni. Nani amekuambia? "Kila mtu anajua, Dani." Hata kwetu kila mtu alijua. Weka simu chini, unisikize.

Nilikuwa mdogo, hata meno ya mbele sina, huko Dunga. Baba yangu mvuvi. Alikuwa na wanawake wawili: mama yangu, na mwingine mdogo tulimwita Nyar Port, kwa sababu alitoka Port Victoria. Huyo alikuwa anacheka sana. Mama yangu hakupenda hiyo kicheko.

Basi ndugu yangu Okoth akaanza kuumwa na tumbo. Mama akasema Nyar Port alipita mlangoni mtoto akikula. Kweli alipita. Nyumba yake ilikuwa hapo tu, angepitia wapi? Siku amepita na Okoth hakuumwa, hakuna mtu alisema kitu. Tukaanza kufunika sahani tukisikia kicheko yake. Akiingia, sisi watoto tunainamia chakula kama kuku amekalia mayai. Akawacha kucheka.

Mganga akaletwa. Akamchanja Okoth na wembe hapa kwa tumbo, akavuta na pembe, akatoa kipande ya samaki. "Hii ndio jicho ilikuwa imefunga." Watu wakapiga kelele.

Sasa sikiza. Ilikuwa ngege, ile samaki kubwa ya bei. Nyama nyeupe, nene. Na kwetu hiyo msimu yote tulikulanga omena, ngege yote ilienda kuuzwa. Baba yangu, mtu alikuwa anajua samaki hata gizani, kwa kushika mkia tu, alichukua hiyo kipande, akaigeuza, akaiangalia sana.

Nyar Port akamwambia, "Mzee, wewe unajua samaki. Sema."

Baba akasema, "Ni kweli. Imetoka kwa mtoto."

Asubuhi Nyar Port akafunga nguo zake, akabeba mtoto wake mgongoni, akaenda. Hakuna mtu alimsindikiza. Na Okoth akaendelea tu kulia tumbo. Unajua mama alisema nini? Ati hiyo jicho ni kali, inafika kutoka Port. Na tukakubali! Mji mzima!

Haya hatukuona wakati huo. Imenikuja sasa, nimezeeka, na mpaka leo kula mbele ya watu wakati mwingine inanishinda, mkono inataka kufunika sahani. Nilikuwa nadhani ujinga ni ya sisi hatukuenda shule. Lakini baba alijua. Alikuwa tu amechoka na vita ya wanawake, na uongo ndio ilikuwa karibu na mkono. Na wewe umesoma mpaka kolegi, unaniambia "kila mtu anajua."

Enda umwambie Ouma alete huyo msichana Jumapili. Nitapika ngege nzima, nitakula mbele yake, sifuniki kitu. Na siku utapata watoto wako, waambie: baba ya Dani, mvuvi wa Dunga, alishika ngege mkononi, akasema imetoka kwa mtoto alikulanga omena tu. Usipunguze, usiongeze. Waambie hivyo tu.