Besi ya Wimbo wa Mavuno

Usiku ule nililala mapema, nikiwa na hasira ambayo mgonjwa haruhusiwi kuwa nayo. Jioni wanakwaya wa parokia yetu walikuwa wamekuja kunitazama. Waliketi sebuleni bila kuvua makoti, kwa maana kwetu Njombe majira yale baridi huingia hadi ndani ya nyumba, wakauliza mmoja baada ya mwingine, kwa ile sauti ya chini ambayo watu huitumia mbele ya jeneza, kama nimekula, kama nimelala, kama dawa zinakaa tumboni. Mke wangu Oliva alijibu kwa niaba yangu, kwa kuwa mimi sina sauti. Madaktari waliliondoa zoloto langu, ile sehemu ya koo inayotoa sauti, ili kuuondoa uvimbe wa saratani uliokuwa umeikalia. Sasa napumua kwa tundu lililo chini ya shingo, na ninachotaka kusema nakiandika. Ugonjwa nao haukuheshimu makubaliano. Umerudi, safari hii mapafuni, na daktari hatumii tena neno kupona.

Kisha wakaimba. Waliimba wimbo wangu wa mavuno, ule unaoanza, *Tulilima kwa baridi, tunavuna kwa shukrani*.

Lazima nieleze jambo moja. Nilifundisha Kilatini na Kiswahili seminarini hadi nilipostaafu, na wengi hunijua kwa kazi hiyo. Lakini kilichokuwa kikinitoa kitandani asubuhi ni kutunga nyimbo. Kila wimbo niliuandika kwa nota, kwa uangalifu ule ule niliowadai wanafunzi wangu: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sauti ya nne, besi, sikuiandika hata mara moja. Sikuona haja. Nilisimama katikati ya waimba besi, nikaimba, nao wakaipokea kutoka kinywani mwangu, na mazoezi yalipokwisha kila mtu alikwenda nayo nyumbani kwake. Hakuna aliyeona ajabu katika mtindo huo. Wimbo mzima ulikuwa kwenye karatasi, isipokuwa sauti moja iliyokaa kooni mwa mtu. Nao wimbo wa mavuno tulikuwa hatujaumaliza katika mazoezi nilipoanza kukohoa damu.

Kwa hiyo jioni ile, walipofika kwenye neno *baridi*, waimba besi walipotea. Wawili waliwafuata wa sauti ya tatu, mmoja akanyamaza, mwingine akanguruma tu ili asionekane amenyamaza. Nikainua mkono. Ndivyo nilivyowasimamisha miaka yote, na walikuwa wakijua maana yake: rudini nyuma, hapo mmekosea. Mwenyekiti wa kwaya akaukatiza wimbo.

"Tusimchoshe Mwalimu," akasema. "Maumivu yamemshika."

Wakapiga magoti kwenye mkeka, wakaniombea, nami mkono wangu ungali hewani.

Walipoondoka Oliva alinisogezea blanketi. "Ni kifua, Baba Agatha?"

Nikamwandikia neno moja: *Besi*. Alilisoma, akasema, "Pumzika sasa." Nikalala.

Sikumbuki kulivuka giza. Ninachokumbuka ni kwamba kulikuwa mchana, dirisha la chumba chetu liko wazi, na Kasiani ameketi kwenye kiti anachokitumia Oliva kunilishia uji. Kasiani alikuwa kaka yake Oliva, shemeji yangu, mwalimu wa hisabati, na mwimbaji bora wa sauti ya tatu niliyepata kumsikia. Moyo wake ulisimama akiwa shambani kwake, kwenye viazi, kabla ugonjwa wangu haujaanza. Hakupata kuniona nikiumwa. Amevaa buti zake za shambani. Zina udongo mbichi, na udongo unadondoka kwenye zulia la dada yake, na katika ndoto nafikiri: Oliva atamgombeza.

"Shemeji," anasema, "unalala kama mkwe aliyeshibishwa ugenini."

"Na wewe unaingia nyumba za watu na matope," nikamjibu.

Nikashtuka, kwa kuwa nilikuwa nimesema. Nilishika shingo: ngozi tupu, hakuna tundu, hakuna kitambaa. Sauti ilikuwa ileile, nzito, yenye mkwaruzo kidogo asubuhi. Nilitaka kuamka nimwambie Oliva, na wakati huohuo nikajua kwamba nikiamka sitakuwa na cha kumwambia.

Nilianza kumsimulia Kasiani habari zangu. Nilimweleza uvimbe, upasuaji, mionzi, mapafu. Nilizieleza kwa mpangilio, kama nilivyozoea kumweleza kila anayeingia mlangoni. Alinisikiliza akitoa udongo kwenye kucha zake.

"Hilo sikuuliza," akasema. "Nimeuliza besi iko wapi."

"Hujauliza lolote."

"Basi nauliza."

Tulikuwa tumeketi chumbani, na sasa tumo kwenye korido ndefu ya hospitali ile ya Dar es Salaam nilikopelekwa kwa mionzi. Joto ni lilelile, feni ni ileile inayozunguka bila kupuliza. Kwenye benchi wamekaa wagonjwa, ngozi zao zimechorwa mistari ya wino, kama ilivyochorwa yangu, ili mashine ijue pa kulenga. Muuguzi anatokea mlangoni na kuita. Haiti majina.

"Koo," anaita. "Titi. Ini."

Kila kinapoitwa kiungo, mtu anainuka. Nami, lilipoitwa koo, niliinuka bila kusita, na katika yote niliyoyaona usiku ule hilo ndilo linalonitesa zaidi: kwamba niliinuka upesi hivyo.

Kasiani akanivuta koti. "Nimekuja kumtafuta mtu, naona viungo tu hapa," alisema. Akamgeukia mama aliyeitwa Titi. "Mama, wewe unapenda nini?"

Mama yule alimtazama muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa kwa lugha aliyoizungumza utotoni. "Nafuga bata," akasema polepole. "Au nilikuwa nafuga. Wakiniona tu nimetoka na beseni, wanakuja mbio wote, wanagombana." Akatabasamu. Muuguzi akaita tena, "Titi," na tabasamu likaondoka, naye akaenda.

Sikumwona akirudi. Mlango ulipofungwa, ulikuwa mlango wa darasa tunamofanyia mazoezi, lile la shule ya msingi iliyopakana na kanisa, na ubaoni bado yako majedwali ya kuzidisha. Madawati yamesukumwa ukutani. Hakuna mwanakwaya hata mmoja. Kasiani anasimama mahali pake, mimi nasimama pangu, kati yetu kuna nafasi ya watu wawili ambao hawapo.

"Anza," anasema.

Nikaanza. *Tulilima kwa baridi.* Besi ilitoka yenyewe, ikashuka pale nilipotaka ishuke, na Kasiani akaingia juu yake na sauti ya tatu. Sijui niandikeje furaha ile bila kuitia chumvi. Ilikuwa kama mguu uliokatwa kukanyaga chini. Tulipofika kwenye neno *baridi* alinikatiza, kama alivyonikatiza kila mara alipokuwa hai.

"Unashuka mapema, shemeji. Wanawake bado wako juu, wewe umeshatua mizigo."

"Besi ndiyo nyumba. Lazima itangulie kufika."

"Nyumba haitembei. Subiri hapo kwenye nota ya *so*, wamalize, ndipo ushuke."

"Hisabati zako ziache mlangoni."

"Na Kilatini chako kilale. Rudia."

Nikarudia. Tukabishana tena, nikarudia tena. Tangu nilipougua hakuna mtu aliyebishana nami. Wote wananikubalia. Nikiandika kwamba uji una chumvi nyingi, wanaumwaga. Nikiandika kwamba mwalimu mpya wa kwaya anakimbiza wimbo, wananishika mkono na kusema, ni kweli, Mwalimu, pumzika. Kasiani peke yake aliniambia nimekosea, nami nilikuwa nikimsikiliza kama mtu anayesomewa wosia uliomtaja.

Kisha darasa likawa halina kuta. Tunasimama shambani kwake, kwenye matuta ya viazi, na ukungu umeshuka hadi magotini. Ilikuwa dhahiri kwamba ana haraka. Ndipo nikamuuliza jambo ambalo niliamini najua jibu lake. Nilimuuliza kwa ajili ya kufurahi tu, kama mtu anavyomuuliza msafiri habari za mji anaokwenda kuhamia.

"Huko mliko, mnaimba?"

Kasiani aliinama, akafukua kiazi, akakifuta kwa kidole gumba, akakirudisha ardhini na kukifunika.

"Kasiani. Nimekuuliza."

"Hapana," akasema.

"Hata zaburi?"

"Shemeji, nakwambia nilichokikuta. Hatuimbi."

Maisha yangu yote nilifundishwa, nami nikafundisha, kwamba kuimba ndiyo kazi pekee tutakayoendelea nayo. Tangu nilipougua nilikuwa nimeiacha besi ya wimbo ule bila kuiandika kwa sababu hiyo. Nilijiambia, bila kumwambia mtu, kwamba besi yangu haipotei, inatangulia tu. Nilimtazama Kasiani usoni nikitafuta ile dalili ya mzaha ambayo shemeji hawezi kuificha. Haikuwapo.

"Nikija, nitakukuta?" nikamuuliza.

"Sijui kama utanijua." Alisema hivyo kwa upole, akiwa ameanza kuondoka, na ukungu ulikuwa umemfika kifuani. Halafu akageuka. "Ile besi usije nayo. Huku haina pa kukaa. Iache huko."

Nilitaka kumwita. Nilifungua kinywa, na hewa ikatoka shingoni.

Niliamka. Kulikuwa kunapambazuka, siku ya Jumapili, na mkono wangu ulikuwa umeinuka juu ya blanketi. Oliva alishaamka, aliuona mkono, akachukua vidonge vya maumivu na kikombe cha maji. Nilivikataa. Nikaonyesha penseli.

Niliandika besi nikiwa nimeegemea mto, nota baada ya nota, kwa haraka ambayo sikuwa nayo kwa miezi. Mstari wa kwanza ulikuja. Kwenye neno *baridi* penseli ikasimama. Nilijaribu kukumbuka tulikomalizia ubishi, kama nilishuka au nilisubiri, na sikukumbuka. Besi ya kitabuni, isiyo na kosa, ningeweza kuiandika hata nikiwa na homa. Ile yangu sikuwahi kuijua kwa kichwa. Koo ndilo lililoijua, na koo lilibaki hospitalini kwenye chombo cha bati. Sikuuliza walilipeleka wapi.

Oliva alikuwa amevaa sare ya kwaya, anafunga kitambaa kichwani mbele ya kioo. Yeye ni sauti ya pili. Aliniona nimekwama, akaja kuketi kitandani.

"Unaandika nini asubuhi yote hii?"

Nikaandika pembeni mwa karatasi: *Kasiani amekuja. Amesema niandike besi.*

Aliyasoma maneno hayo mara nyingi kuliko urefu wake. "Ameniulizia?"

Nikatikisa kichwa kukataa. Sikuweza kumdanganya katika hilo, kwa kuwa angetaka kujua alisema nini hasa, na mimi sijui kutunga maneno ya Kasiani.

"Ndivyo alivyo," akasema. "Akiingia kwenye nyimbo hamkumbuki mtu." Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kengele ya kanisa ilianza kulia, naye akainuka, akatafuta viatu, kisha akasimama mlangoni akiwa amevishika mkononi.

"Baba Agatha. Na huko, wanaimba?"

Nilimtazama: mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyelala kwenye kiti mausiku mengi kwa ajili yangu, anayekwenda kusimama baridini kumwimbia Mungu kwa sauti nyembamba iliyo sahihi daima. Ujumbe ulikuwa wangu. Nusu yake nilikuwa nimekwisha kumpa.

Nikainamisha kichwa kukubali. Ndiyo, wanaimba.

Akashusha pumzi, akavaa viatu, akaenda. Nilisikia hatua zake kwenye changarawe hadi zilipochanganyika na za watu wengine. Kisha nikaivuta karatasi, nikafuta nilichoandika chini ya *baridi*, nikaanza tena.